Magwagwa Jazz, Upande wa Pili

Alhamisi hiyo Mwalimu Emily alipoingia shambani, Zachariah Machogu alikuwa kwenye mstari wa tatu wa chai yake, kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi kama alivyochuma kwa miaka arobaini na miwili. Alimwona kwa mbali akiruka mtaro, kiatu kimoja mkononi kwa sababu ya matope, na moyo ukaanza kumwenda mbio kabla hajajua kisa. Watu wenye siri huwa hivyo. Mgeni yeyote akitokea, wao hudhani amekuja na faili yao.

"Bwakire, tata," Emily akamsalimu kwa Kikisii, kama mtoto anavyomwamkia baba, akiinamisha kichwa kidogo.

"Bwakire, mwalimu. Kuna nini? Leo si shule?"

"Nimeomba ruhusa ya saa moja. Nimekuja kwa sababu ya Jumapili."

Jambo la Jumapili lilijulikana Birongo nzima. Emily alifundisha darasa la sita, na kila Jumatano na Ijumaa alifundisha kwaya ya kanisa la Waadventista pale sokoni. Mwaka huu alikuwa amewatungia wimbo wa kwenda nao kwenye mikutano ya makambi ya Agosti, wimbo wenye magitaa mawili: moja linauliza, la pili linajibu, na sauti za kina mama zinapita katikati. Vijana waliupenda. Wazee waliupenda pia, mpaka Shemasi Obwocha aliposimama siku ya Sabato baada ya matangazo, akafuta miwani yake, akasema kwamba mlio huo anaujua, nao haukutoka mbinguni. Ulitoka kwenye baa za Keroka. Ulikuwa jazz.

Basi baraza la kanisa lingekaa Jumapili kumjadili. Mchungaji wa mtaa alikuwa na makanisa tisa ya kuzungukia na Jumapili hiyo hakuwa na nafasi, kwa hiyo kiti kingekaliwa na mzee wa kwanza wa kanisa. Mzee wa kwanza wa kanisa alikuwa Zachariah. Emily akipatikana na kosa, atanyang'anywa kwaya na kuwekwa chini ya karipio mwaka mzima.

"Sina ombi kubwa," Emily akasema. "Wananihukumu kwa muziki ambao hawajausikia. Wanasema jazz, jazz, na ukiwauliza jazz ni gani, mmoja anakuambia ni ya Wamarekani wenye tarumbeta, mwingine anakuambia ni ya Wakongo, mwingine ya Wajaluo. Hii yetu hakuna anayeihesabu. Nimeipata santuri moja Keroka, kwa yule mama anayeuza vyombo vya mitumba. Alikuwa ameifunikia mtungi. Kijana mmoja pale Kisii ameniwekea kwenye simu. Naomba tu baraza liisikilize kabla ya kupiga kura. Pande zote mbili, bila kukatizwa."

"Santuri gani?" Zachariah akauliza, ingawa mikono yake ilikuwa imeshaacha kuchuma.

"Magwagwa Jazz."

Kikapu mgongoni kilikuwa bado hakijajaa hata robo, lakini Zachariah alikitua chini kama kimejaa. Akashika tawi la chai. Akasema kwamba jua ni kali, na jua halikuwepo.

"Wewe si ulitoka upande wa Magwagwa, tata?" Emily akauliza. Alisema kwa upole, akipangusa kiatu chake kwa jani la mgomba, na Zachariah akamtazama usoni akitafuta kama lile swali lina swali lingine ndani. Hakuona kitu. Uso wa mwalimu ni uso wa mwalimu, umezoea kuuliza kitu unachokijua.

"Nilitoka huko zamani," akasema.

"Sawa. Basi tutaonana Jumapili."

Akaondoka. Zachariah hakuchuma tena siku hiyo. Kwenye kituo cha chai walipopima majani yake jioni, karani alimwuliza kama anaumwa.

Niseme sasa kile ambacho Birongo haikukijua, maana bila hicho hofu ya mzee huyu itaonekana upuuzi.

Zachariah Machogu alizaliwa Magwagwa, mtoto wa tano wa mtu wa ndizi na ng'ombe wawili. Akiwa na miaka kumi alijitengenezea gitaa kwa galoni la mafuta na nyaya za breki za baiskeli, akawatesa majirani nalo. Akiwa na ishirini akakutana na Ochoki, fundi cherehani mwenye sauti nyembamba na majivuno mapana, wakaunda bendi. Siku hizo bendi yoyote yenye heshima ilijiita Jazz, hata kama tarumbeta hamjawahi kuiona ila kwenye picha ya Gabrieli. Nao wakajiita Magwagwa Jazz. Gitaa la kwanza alilipiga Ochoki mwenyewe huku akiimba, besi alipiga mtu aitwaye Nyamongo, na la pili alipiga Zachariah.

Hilo la pili ndilo lililokuwa geni. Bendi nyingine zilitumia gitaa la pili kujaza nafasi tu. Zachariah alikuwa amekulia karibu na babu aliyepiga obokano, ule uzeze mkubwa wa nyuzi nane unaonguruma tumboni, na bila kufundishwa na mtu alianza kulilazimisha gitaa lingurume vilevile, chini, likimjibu Ochoki kama mtu mzima anavyomjibu mtoto anayeringa. Ochoki akipanda, yeye anashuka. Watu wa Keroka siku za soko walikuwa wakiacha ugali mezani kwenda kucheza. Lakini redio haikuwa na haja nao. Redio ilikuwa na nyimbo za Kongo na za Kisumu; za Wakisii zikipigwa, zilikatwa katikati kupisha matangazo ya vifo.

Mwaka wa sabini na tisa walikwenda Nairobi, wakarekodi santuri moja. Upande wa kwanza Ochoki anaimba habari za mwanamke muuza ndizi aliyemwahidi kuja na hakuja. Upande wa pili hakuna maneno. Ni magitaa yenyewe, na Ochoki akiwaita wenzake kwa majina kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, kila mtu aitwe kwa jina lake kamili na kwao, ili hata akifa leo, kesho ajulikane.

Hapo ndipo jina lake lilipokuwa. Zachariah alijua hata ni wapi.

Kisha akampenda Mokeira, binti wa mzee wa kanisa. Baba mtu, ambaye hakujua kazi ya kijana huyu, alitangaza kwamba hatoi binti kwa mpiga gitaa wa baa, naye Zachariah, aliyempenda Mokeira kuliko besi, gitaa na Ochoki wote pamoja, akaacha bendi, akauza gitaa, akanunua kipande cha shamba Birongo kwa mtu aliyekuwa anahamia Transmara. Birongo hakuna aliyemjua. Kabla ya kubatizwa mtoni, kila mtu alisimama akataja maisha anayoyaacha. Mbele yake alisimama mtu aliyesema aliacha pombe, wakamwimbia. Zachariah akafungua mdomo kusema muziki, akamwona baba yake Mokeira kwenye ukingo, na mdomo ukasema, "Nilikuwa tanboi wa lori," yaani utingo wa kupakia mizigo. Wakamwimbia na yeye.

Uongo mdogo. Angeweza kuurekebisha wiki iliyofuata. Lakini wiki ikawa mwezi, akawa shemasi, akawa mzee, akawa mzee wa kwanza, na kila cheo kilikuwa kama jiwe jingine juu ya ule mdomo wake. Mokeira alijua, akanyamaza naye, na alipofariki miaka mitatu iliyopita Zachariah alibaki peke yake na lile neno.

Na kuna baya zaidi. Mwaka wa tisini na moja baraza lilimjadili Haron Onyiego, mpiga gitaa hodari kuliko wote Birongo, kwa kosa la kupiga kwenye harusi ya watu wa dunia. Kura ilipoitishwa, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Zachariah. Aliuinua haraka kwa kuogopa mtu asije akauliza mbona umechelewa. Onyiego alitengwa, akaondoka, hakurudi kanisani mpaka leo. Mtu mzima akibeba kitu kama hicho, huwezi kumshangaa akishtuka mgeni anaporuka mtaro.

Ijumaa hakula. Sabato alihubiri juu ya subira, akasahau mstari aliokuwa ameukariri tangu ujana. Alifikiria kuugua. Alifikiria kumpigia mchungaji aahirishe kikao. Alifikiria hata kumwomba Emily asilete ile simu, lakini angemwambia kwa nini? Na swali lile likamzunguka asubuhi hadi jioni: anajua au hajui? Kama anajua, amekuja kunitisha. Kama hajui, atajua Jumapili pamoja na wengine. Kwa vyovyote vile alikuwa amekwisha.

Mwishowe akapata njia, na ilikuwa njia ya mwoga, nasi tusiipambe. Yeye ndiye mwenyekiti. Wasikilize upande wa kwanza, halafu aseme, "Tumesikia, inatosha." Neno moja tu. Hakuna mwenyekiti anayeulizwa kwa nini amefupisha kikao.

Jumapili saa nne wakakaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, watu tisa kuzunguka meza yenye kitambaa cha plastiki. Obwocha alikuwa na daftari. Mama Nyangate, shemasi mkongwe kuliko wote, alikuwa na kitambaa cha kufuma mapajani, kwa maana hakuwahi kukaa kikao chochote mikono mitupu. Lavender, karani wa kanisa, aliandika kumbukumbu. Emily aliingia, akaweka mezani simu na spika ndogo nyeusi, akamwonyesha Lavender pa kubonyeza, kisha akatoka nje akaketi kwenye benchi. Ndiyo kanuni: anayejadiliwa hakai ndani. Mlango ukafungwa.

"Mimi sioni haja ya kusikiliza," Obwocha akaanza. "Mtu akikuambia huu ni uchafu, hauonji kwanza."

"Tutasikiliza," Zachariah akasema. "Mwalimu ameomba. Bonyeza, Lavender."

Upande wa kwanza ukaanza kwa mkwaruzo, kisha gitaa, kisha Ochoki.

Alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita, Ochoki, na huyu hapa amerudi kwenye kitambaa cha plastiki, kijana, anamlalamikia muuza ndizi. Zachariah alitazama meza. Aliogopa kwamba uso wake utafanya jambo bila ruhusa. Aliogopa mguu wake wa kulia, ambao ulikuwa umeanza kutafuta mdundo chini ya meza, akaukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mama Nyangate alifuma. Obwocha aliandika mambo kwa herufi kubwa. Dakika tatu zikapita kama ibada ya kutwa, Ochoki akamaliza kulalamika, na kukawa kimya.

Sasa. Sasa ndipo mahali penyewe. Zachariah akavuta pumzi aseme kwamba wamesikia.

Obwocha akamtangulia. "Mnaona? Baa tupu. Tena sio hata muziki. Watu wa Kongo ni wenye dhambi lakini wanajua kupiga. Hawa hawajui. Huyo wa gita ya chini huko, sijui anafanya nini. Ni kama mtu anakwaruza sufuria ya ugali iliyoungua."

Nitasema ukweli kama ulivyo. Haukuwa ujasiri uliomwingia Zachariah wakati ule. Haikuwa toba, wala hakumkumbuka Emily pale nje kwenye benchi. Alikasirika. Damu ilimpanda kichwani, mzee wa miaka sabini, kwa sababu mtu asiyejua kushika hata filimbi ameita gitaa lake sufuria ya ugali. Mdomo uleule uliosema tanboi miaka arobaini na miwili iliyopita ukafunguka kabla hajaushika.

"Kuna upande wa pili," akasema. "Huwezi kuhukumu wimbo kwa upande mmoja. Lavender, weka upande wa pili."

Akaona kidole cha Lavender kikishuka juu ya simu, na hapo hofu ikamrudia yote, mara mbili ya ile ya kwanza. Alitaka kusema ngoja. Kidole kikafika.

Magitaa yakaingia pamoja. Zachariah alijua hesabu yake. Ochoki anazunguka mara nne juu. Kisha Nyamongo anaitwa, na besi inabaki peke yake kwa mizunguko miwili. Kisha jina lake. Alikuwa amelihesabu lile jambo kwa vidole vyake kabla ya wengi waliokuwa mle chumbani kuzaliwa, na vidole havikuwa vimesahau hata pigo moja.

Mzunguko wa kwanza. Angeweza bado kuinuka na kusema inatosha. Mzunguko wa pili. Aliwatazama wote mmoja baada ya mwingine, watu aliowabariki watoto wao, aliowazika wazazi wao, akafikiri kwamba baada ya dakika moja hakuna atakayemwita mzee kwa namna ileile. Wa tatu. Mama Nyangate alikuwa ameacha kufuma. Sindano zilikuwa zimesimama hewani na kichwa chake kimelala upande mmoja, jinsi anavyolaza mtu anayesikia mvua inakuja kutoka ng'ambo ya kilima. Wa nne.

"Nyamongo!" Ochoki akaita kutoka kwenye spika, na besi ikabaki peke yake.

Zachariah alifumba macho. Katika giza hilo akamwomba Mungu santuri ikwaruze, mchanga wa Keroka uwe umeingia mahali pale pale, mtungi wa yule mama uwe umeikata. Santuri haikukwaruza.

"Zakaria Machogu! Mwana wa Magwagwa! Mjibu huyu!"

Na gitaa la pili likaingia kutoka chini, likinguruma, likijibu.

Zachariah alifumbua macho akaona kalamu ya Lavender imesimama. Akaona Obwocha anamtazama, mdomo wazi kidogo. Muziki uliendelea kwa dakika nzima na zaidi, magitaa mawili yakisutana na kupatana na kusutana tena, na cha ajabu, hakuna mkono ulionyooshwa kuuzima. Wakasikiliza mpaka mkwaruzo wa mwisho.

"Mzee," Obwocha akasema taratibu. Hakuwa mtu mbaya, Obwocha. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa imemwangukia mguuni. "Hilo jina. Lakini Magwagwa kuna Zakaria wengi. Si lazima iwe..."

Mlango wa kukwepa ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana, na Obwocha mwenyewe ndiye aliyeushikilia. Zachariah aliuona. Ingekuwa rahisi kuliko kusema tanboi.

"Hapana," akasema. "Ni mimi."

Akasimama ili awaambie vizuri, akashika ukingo wa meza. Akawaambia bendi, na Ochoki, na santuri. Akawaambia kwamba hakuwahi kuwa tanboi wa lori hata siku moja, kwamba alidanganya mtoni, mbele ya kanisa, kabla ya kuingia majini. Kisha akataja jina la Haron Onyiego. Akalirudia. "Nilimhukumu Onyiego kwa kitu nilichokifanya mimi kumzidi. Nilitangulia kuinua mkono kwa woga. Hiyo nayo iandike, Lavender."

Lavender hakuandika. Alikuwa analia, na machozi yake yalimwogopesha Zachariah kuliko macho ya Obwocha.

"Kanuni naijua," Zachariah akasema. "Anayejadiliwa hakai ndani. Mama Nyangate, wewe ndiwe mkubwa. Shika kiti."

Akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Emily alikuwa kwenye benchi, mikono kati ya magoti. Alimwangalia mzee akija, akasogea kumpisha, na wakakaa pamoja wakitazama uwanja mtupu wa kanisa na ng'ombe wa mtu fulani akila majani ya uzio.

"Mmesikiliza pande zote?" Emily akauliza.

"Zote."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Ulijua?"

"Nilijua, tata. Tangu siku niliyoisikia. Nilikuja shambani nikuambie, nikaona ulivyoshika ule mti wa chai, nikashindwa. Nilimwomba yule kijana wa Kisii akate jina. Akajaribu. Akaniambia jina limeitwa ndani ya gitaa, ukilikata unalikata na gitaa lenyewe. Nikamwambia aache." Emily akaficha mikono chini ya leso yake. "Nimekaa hapa naogopa kwamba utasimamisha. Halafu nikaogopa kwamba hutasimamisha. Nisamehe."

"Nilitaka kusimamisha."

"Nini kilikuzuia?"

Zachariah aliona aibu kulisema. "Obwocha alisema napiga sufuria."

Emily alifunika mdomo kwa kiganja. Hakucheka, lakini ilimchukua muda.

Kutoka ndani walisikia sauti zikipanda na kushuka, sauti ya Obwocha zaidi, na bila maneno kufika wazi. Zachariah alijua kura zinavyopigwa. Angeondolewa uzee, hilo hakuwa na shaka nalo, huenda na zaidi. Angekaa benchi la nyuma kama Onyiego alivyokaa Sabato yake ya mwisho, na watu wangejifanya hawamwoni. Lile aliloliogopa miaka arobaini na miwili lilikuwa limefika, limeketi karibu naye kwenye mbao, na hofu haikuwa imepungua hata kidogo. Alikuwa amesikia watu wakisema ukikiri unapata nafuu. Aliisubiri nafuu. Haikuja. Kilichokuja ni mlio.

Mle ndani walikuwa wameibonyeza tena. Upande wa pili, tangu mwanzo.

"Wanafanya nini?" Emily akanong'ona.

"Wanatafuta jina," Zachariah akasema. "Wahakikishe." Na ingawa lilikuwa limeshaitwa, na ingawa hakuna kilichobaki cha kuficha, alishika ukingo wa benchi na kuanza kuhesabu mizunguko. Ochoki akamwita Nyamongo. Ochoki akamwita yeye. Wimbo haukuzimwa pale kwenye jina. Ukaendelea, ukapita, ukafika mwisho, na kabla ya pumzi mbili ukaanzishwa mara ya tatu.

Mlango ukafunguka. Mama Nyangate akatoa kichwa, sindano mbili za kufuma mkononi, na nyuma yake magitaa yanauliza na kujibu. Zachariah akasimama kama mtu anayesimama kusomewa.

"Kura?" akauliza.

"Kura bado," Mama Nyangate akasema kwa ukali, kama aliyekatizwa kazi. "Kuna ubishi. Obwocha anasema wewe ni ile gita ya juu, inayokimbia. Mimi nasema wewe ni hii ya chini, inayojibu. Ni gani?"

Katika miaka yake yote hapakuwa na mtu aliyewahi kumwuliza. Redio haikuuliza, Nairobi haikuuliza, hata Mokeira, Mungu amlaze pema, alikuwa amependa kutouliza.

"Ya chini," Zachariah akasema. "Inayojibu. Ndiyo mimi."

"Nilimwambia," akasema Mama Nyangate, akarudi ndani, akauacha mlango wazi.